Morogoro au Mbamba Bay? Safari mbili za pikipiki kutoka Mbeya, kilomita karibu sawa

Kutoka Mbeya mjini hadi Morogoro ni kama kilomita 640. Kutoka Mbeya hadi Mbamba Bay, pale lami inapoteremka na kukutana na Ziwa Nyasa, ni kama kilomita 635. Kwenda na kurudi, moja inakupa kama 1,280 na nyingine kama 1,270. Ukitazama hesabu hiyo tu utadhani ni safari moja yenye majina mawili.

Nimeziendesha zote mbili na wenzangu wanne, tukiwa na pikipiki tano: tatu Boxer za cc 150 na mbili za cc 250. Nataka nizieleze bega kwa bega, kwa sababu kila mwaka ikifika mwezi wa saba vijana wa mtaani kwetu wananiuliza swali lilelile: "Kaka, tuanze na ipi?" Wengi wanauliza huku wameshachagua kwa kuangalia kilomita. Kilomita si kitu cha kuangalia kwanza.

Kwanza, ile ya saa 24

Lazima niizungumzie, maana ndiyo inayowawasha watu. Kuna chama cha Marekani kiitwacho Iron Butt Association, na safari yake ya mlangoni inaitwa SaddleSore 1000: maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Ukimaliza unawasilisha ushahidi, risiti za mafuta zenye saa na mahali, na wao wanahakiki. Ni jambo la heshima, na walioifanya wanastahili heshima hiyo.

Sasa ilete hapa kwetu. Mbeya hadi Dar es Salaam na kurudi ni kama kilomita 1,650, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Gawa 1,609 kwa 24 unapata wastani wa kilomita 67 kwa saa, na wastani huo unahesabu kila kitu: kula, kujaza mafuta, kujisaidia, kusimamishwa na trafiki. Barabara yetu inapita katikati ya vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake. Ili upate wastani wa 67 inabidi kwingine kote uende mbio kuliko Boxer inavyoweza, au upite vijijini kwa mwendo ambao mtoto akivuka huna la kufanya.

Fuatilia saa zenyewe. Ukitoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi kwa mwendo huo, unageuza Dar saa kumi na mbili jioni, foleni ya Mbezi na Kimara ikiwa imepamba moto. Hifadhi ya Mikumi unaingia saa nne usiku, wakati nyati na tembo wanavuka lami wanavyotaka. Mlima wa Kitonga unaupanda saa saba. Makambako unafika saa kumi alfajiri, na hiyo ndiyo saa mwili wa binadamu unapotaka usingizi kuliko saa nyingine yoyote, halafu upepo wa Makambako unakungoja hapo.

Tulijaribu mara moja. Mwenzetu wa tatu kwenye msafara alisinzia akiwa karibu na Igawa. Nilikuwa nyuma yake. Niliona taa yake ya nyuma inaelea kushoto taratibu, bila breki, bila chochote, ikaingia kwenye mchanga wa pembeni na kulala. Mungu alitusaidia, pale hapakuwa na mtaro wala kalvati. Aliinuka mwenyewe, akakaa chini, akaniambia, "Kaka, sikumbuki Chalowe." Chalowe ilikuwa imepita muda mrefu. Tangu siku hiyo safari ya saa 24 siiweki mezani kwa kundi langu. Anayeitaka aitafute kwenye nchi yenye barabara za njia nne na uzio pembeni.

Kwa hiyo ninacholinganisha hapa ni safari ya siku mbili hadi tatu, ya mchana, kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa ukijumlisha mapumziko. Wastani huo tumeupima wenyewe mara nyingi kwa kundi la watu watano. Wanne huenda kasi kidogo zaidi. Wakiwa wanane, toa kilomita kumi.

Barabara ya Morogoro: msaada kila mahali, na malori kila mahali

Hii ndiyo TANZAM, barabara iliyojengwa ili Zambia isiyo na bahari ipate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam baada ya njia zake za kusini kuwa mashakani kufuatia Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965. Sababu hiyo ya zamani ndiyo inayoamua safari yako leo. Semi za mafuta na makontena zinakwenda Tunduma, na zinazorudi zina shaba ya Zambia na Kongo. Hakuna saa zinapokosekana.

Faida yake ni kubwa, nisiwanyime haki wanaoipenda. Sheli hazikauki: Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako, Mafinga, Iringa, Ilula, Mikumi. Boxer ikikatika waya wa klachi Rujewa, unapata waya Rujewa. Tyubu, plagi, spoketi, hata mtu wa kukuchomea mguu wa pikipiki uliovunjika, vyote vipo kila baada ya kilomita 30 au 40. Hospitali kubwa ziko Mbeya, Iringa na Morogoro. Gesti utachagua kwa bei. Kama pikipiki zenu zimechoka na hamna fundi kwenye kundi, jambo hili peke yake linaweza kuamua.

Na njia yenyewe inaburudisha. Unatoka kwenye baridi ya Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, unashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, unapanda tena Makambako, unapita misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga ukisikia harufu yake ndani ya helmeti. Iringa unafika saa sita mchana, unasalimiwa "Kamwene", unakunywa supu. Halafu Ilula na nyanya zake, Kitonga, na ghafla uko Ruaha Mbuyuni kwenye joto, mibuyu pande zote mbili na vitunguu vimepangwa barabarani. Ndani ya saa moja umevua koti, sweta na glovu za ndani.

Kitonga niiseme zaidi. Ukielekea Morogoro unaiteremka, ukirudi unaipanda, na kila upande una shida yake. Kuteremka, tumia gia ileile ambayo ungeipandia. Ukiachia pikipiki iserereke kwenye gia ya juu na kushikilia breki, breki za ngoma za nyuma zinapata moto na kuisha nguvu kabla hujafika chini. Kupanda, Boxer yenye mzigo inakwenda sawa na semi, yaani inatambaa. Hapo ndipo watu wanaumia: unachoka kunusa moshi, unachomoka kuovateki kwenye kona, na kwenye kona hiyo kuna basi linashuka. Sisi tumekubaliana kwamba Kitonga hakuna kuovateki lori linalotembea, hata kama tutatumia nusu saa nyuma yake. Lori likisimama pembeni, ndipo tunapita.

Kabla ya Morogoro kuna Mikumi, kilomita 50 za lami ndani ya hifadhi. Ukiwa kwenye gari unafurahia twiga. Ukiwa kwenye pikipiki huna bati la kukukinga, na nyani wanaokimbilia lami kuokota maganda ya ndizi wanaweza kukuangusha vizuri tu kama tembo. Mwendo wa pale umewekewa kikomo, na ukigonga mnyama kuna faini kwa kila aina yake. Ukitoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, unaingia hifadhini kama saa tisa na nusu na kutoka saa kumi na nusu. Ukichelewa saa mbili njiani, lala Mikumi mjini, usivuke. Mwaka mmoja tulichelewa kwa sababu ya pancha mbili na tukalala pale. Hakuna aliyelalamika asubuhi tulipoona kundi la nyati likiwa limesimama juu ya lami.

Tatizo langu na njia hii ni moja tu, lakini zito. Pikipiki ya 150 ikibeba mtu na mizigo inatulia kwenye 70. Semi tupu kwenye tambarare inakwenda 80. Maana yake siku nzima wewe ndiye unayeovatekiwa. Kila mara lori linapokupita, upepo wake unakusukuma kwanza nje, kisha unakuvuta kuelekea kwake. Mara kumi si kitu. Saa nane za hivyo zinakumaliza mabega na roho. Sisi wawili wenye 250 tulifika Morogoro tukicheka. Wenye Boxer walishuka bila kusema neno, na mmoja wao alilala bila kula. Kilomita zilikuwa zilezile kwa wote.

Barabara ya Mbamba Bay: kona, ukungu, na nafasi ya kupumua

Hadi Makambako ni barabara ileile, kilomita 170. Pale njia panda unakata kulia, na baada ya dakika kumi unagundua kwamba umeanza kusikia injini yako mwenyewe.

Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, Njombe hadi Songea kama 240, Songea hadi Mbinga kama 100, na kutoka Mbinga kuteremka ziwani ni 60 na ushei. Zote lami. Hicho kipande cha mwisho kilikuwa vumbi na matope kwa miaka mingi, na wazee wa pikipiki wa Songea bado wanakielezea kwa sauti ya chini. Leo ni moja ya vipande vitamu vya kuendesha nilivyopita nchi hii: milima ya Wamatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo kwenye miteremko, halafu barabara inajikunja na kujikunjua mpaka unaliona ziwa chini, bluu, mita 475 tu juu ya bahari. Asubuhi ya jana yake ulikuwa Njombe kwenye karibu mita 2,000 ukitetemeka.

Malori yapo. Asikudanganye mtu kwamba kusini hakuna malori. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yanasafirishwa kwa barabara, na malori yake yaliyojaa yanapanda milima pole pole huku yakiacha vumbi jeusi na wakati mwingine mabonge kwenye kona. Lakini idadi yake hailingani na ya TANZAM, na kwa sababu njia ina kona nyingi, hata lori tupu halikukimbizi. Hapa Boxer ya 150 na pikipiki ya 250 zinakwenda sawa. Kwa kundi la marafiki hilo ni jambo kubwa sana, kuliko mandhari, kuliko samaki. Watu wanafika pamoja na wakiwa na hali moja.

Ubaya wake ni baridi na ukungu. Juni na Julai Njombe asubuhi ni barafu kwenye nyasi. Ukiwa kwenye mwendo wa 70, baridi hiyo inapita kwenye glovu, vidole vinakufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi kinachelewa kuvuta klachi na breki. Tumejifunza kuvaa koti la mvua juu ya sweta hata kama hakuna mvua, kwa sababu linazuia upepo, na kuweka gazeti kifuani chini ya koti. Ukungu ni hatari zaidi ya baridi. Kati ya Njombe na Lukumburu tulikutana nao mzito kiasi kwamba nilikuwa naona mistari mitatu tu ya katikati ya barabara. Tulisimama kwenye kibanda cha chai, mbali na lami, tukakaa saa moja na nusu mpaka jua likaupasua. Mama mwenye kibanda alituambia, "Wanangu, huu hauna haraka, kunyweni." Tulikunywa vikombe vitatu kila mmoja.

Mteremko wa Lukumburu wenyewe unahitaji adabu ileile ya Kitonga, na tofauti ni kwamba huku ukianguka, msaada unachelewa. Hapo ndipo njia hii inapokudai. Baada ya Njombe vituo vya mafuta na mafundi wanaachana. Madaba utapata, kisha unavuta mpaka karibu na Songea. Tangi la Boxer BM150 ni lita 11, kwa hiyo mafuta si shida kubwa, lakini pancha ni shida. Tulipata moja porini saa tisa alasiri, na kwa sababu tulikuwa na tyubu mbili, pampu ya mguu na vyuma vya kutolea tairi, tuliondoka baada ya dakika 40. Bila hivyo tungelala hapo. Kwenye njia ya Morogoro vifaa hivyo ni busara. Huku bila hivyo usiondoke.

Siku mbili au tatu

Morogoro inawezekana kwa siku mbili, kilomita 640 kila siku, saa kumi na mbili hivi barabarani. Mchana wetu huku ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo huna ziada: kila pancha inakula mwanga. Mbamba Bay kwa siku mbili sikushauri kabisa. Kona zinapunguza wastani wako hadi 50 au chini ya hapo, na kipande cha mwisho, chenye mteremko mkali kuliko vyote, kinakuangukia jioni ukiwa umechoka.

Kwa siku tatu mambo yanabadilika. Siku ya kwanza Mbeya hadi Songea, kilomita 470. Siku ya pili asubuhi mnashuka ziwani, mnakula mbasa au dagaa wa Nyasa, mnaogelea, mnarudi kulala Songea. Hiyo ni kama kilomita 330 tu, na mizigo mnaiacha gesti. Siku ya tatu mnarudi nyumbani. Siku ya katikati ndiyo inayookoa safari. Mgongo unanyooka, cheni zinakazwa na kupakwa oili bila haraka, na aliyekuwa na homa ya baridi anaamua kama anaendelea au anapumzika.

Yaliyo sawa kwa njia zote

Haya nitayapita haraka. Leseni: pikipiki ya zaidi ya cc 125 inataka daraja A, A1 haitoshi, na wenye Boxer 150 wengi hawajui mpaka wasimamishwe. Cheni ipakwe oili kila kilomita 500, na ikipita mvuani, jioni hiyohiyo. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla tairi halijapata moto. Msimu: mvua za huku kwetu zinanyesha Novemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei, mimi napenda Septemba, baridi imelegea na mvua bado.

Mpangilio wa msafara unataka maneno zaidi kidogo, maana ndio uliotuponya. Mbele anakaa anayejua njia. Nafasi ya pili anakaa mwenye pikipiki dhaifu kuliko wote au uzoefu mdogo kuliko wote, na mwendo wake ndio mwendo wa kundi. Nyuma kabisa anafunga msafara fundi, mwenye vifaa vyote. Ukimweka dhaifu nyuma, atakimbizana na ninyi siku nzima bila mtu kumwona, na ndiye atakayeanguka. Pia kila mtu anaamua mwenyewe kuovateki. Wa mbele akipita lori, hilo si ruhusa kwa wa pili. Na tunasimama kila baada ya saa moja na nusu, hata kama hakuna anayetaka, dakika kumi, maji, kutembea. Mtu akisema usingizi umemshika, tunazima injini zote na analala dakika 20 chini ya mti. Hakuna anayeulizwa mara ya pili wala kutaniwa.

Gharama zinakaribiana, kwa sababu mafuta ni karibu yaleyale. Mbamba Bay inaongeza usiku mmoja wa gesti. Tunachanga mfuko wa pamoja kabla ya kuondoka, na robo yake haiguswi mpaka turudi Uyole.

Ningekushauri ipi

Kama kundi lenu lote lina 200 kwenda juu, lina siku mbili tu za mapumziko, na hamna fundi, nendeni Morogoro, na mpite Mikumi kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kama mnao wenye Boxer na TVS na ni mara yenu ya kwanza, tafuteni siku ya tatu mwende Mbamba Bay. Baridi unaweza kuivalia. Ukungu unaweza kuusubiri kwenye kibanda cha chai. Semi inayokupita kwa 80 huku wewe uko 70 huwezi kuivalia wala kuisubiri, na itakuja nyingine baada ya dakika mbili.

Na kama hamjawahi kukaa kwenye kiti zaidi ya saa nne, msiende kokote bado. Chagueni Jumamosi moja mwende Sumbawanga na kurudi, kupitia Tunduma, kama kilomita 650 kwa siku moja, lami tupu. Ondokeni alfajiri kabla foleni ya malori ya mpakani Tunduma haijafunga njia. Mkirudi jioni, kabla hamjaagana, kila mmoja aseme mwili wake ulianza kulalamika wapi: Vwawa, Laela, au wakati wa kurudi. Sisi tulipofanya hivyo, wawili walitaja sehemu moja, na ndipo tulipojua kwamba viti vyao vinahitaji kushonwa upya. Walishona wiki ileile, tukaenda Songea mwezi uliofuata.

Mwaka huu ni Mbamba Bay tena, wiki ya pili ya Septemba, saa kumi na mbili kamili asubuhi pale Uyole. Yule mwenzetu wa Igawa ndiye atakayekuwa nafasi ya pili.